Fundi wa miaka 47 anauliza: macho yananiacha kwenye lehemu, nifanyeje?

Swali: Mimi ni fundi simu na redio hapa Mwanza, nina miaka 47 na huu ni mwaka wa 22 nipo kwenye kazi hii. Tangu mwaka juzi nalehemu kwa kubahatisha. Nimenunua kwa machinga miwani ya kusomea ya +2.00. Gazeti nasoma vizuri, lakini kapasita za kwenye bodi ya simu bado naziona kama vumbi. Mwezi uliopita niling'oa pedi (kile kidoa cha shaba kinachoshikilia kifaa) ya bodi ya mteja kwa sababu sikuona kwamba ncha ya chuma cha kulehemu imekaa kwenye njia ya pembeni. Vijana wangu wawili wameanza kunichukulia kazi mkononi, kwa heshima. Je, nipande namba ya miwani, ninunue hadubini, au nikubali kwamba zamu yangu imeisha nitafute biashara nyingine?

Jibu: Mdogo wangu, swali lako nimelisoma mara mbili, na mara zote mbili nilisimama pale kwa vijana wanaokuchukulia kazi kwa heshima. Nimepita hapo. Nina miaka 61 sasa. Nilianza na redio za transista, rizista zake unaziokota kwa vidole, na nilipofika 45 nilifanya kosa ambalo sitaki nawe ulifanye: nilificha. Kazi ndogondogo nilikuwa nawapa vijana nikisema nawafundisha, mimi nabaki na adapta na spika. Nilificha hivyo miaka miwili. Siku nilipokwenda kupimwa ilichukua asubuhi moja tu, na jioni yake nililia nyumbani kwa kufikiria kazi nilizozikataa muda wote ule.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: usiache kazi, na usipande namba ya miwani kwa kukisia. Mkono wako ni mzima. Ulichopoteza ni vitu viwili, na miwani uliyonunua imekurudishia kimoja.

Ndani ya jicho kuna lenzi laini. Ukitaka kuona kitu cha karibu, msuli unaoizunguka unajikaza, lenzi inanenepa, picha inatulia. Miaka inavyokwenda lenzi hiyo inakuwa ngumu, na ikishakuwa ngumu hainenepi tena hata msuli ukijikaza namna gani. Mtoto wa miaka 10 anaona wazi kitu kilicho sentimita 7 au 8 kutoka jichoni. Kijana wa miaka 20, kama sentimita 10. Ukifika 40 kitu kinabidi kiwe kwenye 20 au 25, na ukifika 50 mkono unanyooka mpaka sentimita 40 au 50. Inampata kila mtu, aliyesoma kwa koroboi na asiyejua kusoma, na wala haikutokana na moshi wa lehemu. Na lile neno la mtaani kwamba miwani inalegeza macho liache. Lenzi ya jicho inakuwa ngumu ukivaa na usipovaa.

Sasa angalia hesabu hii, kwa sababu ndiyo jibu la kwa nini gazeti unasoma na kapasita huioni. Ulipoanza kazi hii ulikuwa unaivuta bodi mpaka sentimita 10 au 12 kutoka usoni bila kujua unafanya hivyo. Kitu kikiwa sentimita 10 kinaonekana kikubwa mara nne kuliko kikiwa sentimita 40. Yaani ujana ulikuwa umekupa lenzi ya kukuzia ya bure, umeizoea, hukuwahi kuihesabu. Leo miwani yako ya +2.00 inakupa picha safi kwenye umbali wa kati ya sentimita 30 na 50. Usafi umerudi, ukubwa haujarudi. Kapasita ya saizi ya 0402 ina urefu wa milimita 1 na upana wa nusu milimita. Ya 0201, ambazo simu zimejaa hizo, ni milimita 0.6 kwa 0.3. Herufi ya gazeti ina urefu wa karibu milimita 2. Kwenye sentimita 40 herufi inasomeka, kapasita ya 0201 ni chembe. Jicho lako halisemi uongo, linakueleza ukubwa halisi wa picha inayoingia.

Ndiyo maana kupanda namba kunadanganya. Ukivaa +3.50 unaweza kuisogeza bodi karibu, kama sentimita 25, na kweli utaona kubwa zaidi. Lakini kila kilicho zaidi ya sentimita 28 kitakuwa ukungu: mita ya kupimia umeme, kopo la fluksi (ile dawa ya kusaidia lehemu ishike), uso wa mteja. Utainama. Mimi niliinama mwaka mzima na miwani ya namba hiyo, shingo ikakaza, na uso ukawa unakaa ndani ya moshi wa fluksi. Ule moshi unatokana na utomvu wa msonobari, na ukiuvuta kila siku unaweza kukuletea pumu ya kazini ambayo haiondoki. Usibadilishe tatizo la macho kwa tatizo la kifua.

Kabla ya kununua chochote, kapime. Nalisisitiza hili kwa sababu maelezo yako yanafanana na uzee wa kawaida wa lenzi, lakini mimi ni fundi wa bodi, si daktari, na kuna magonjwa yanayojificha nyuma ya maelezo hayohayo. Hapo Mwanza mnayo hospitali ya Bugando, ina idara ya macho. Aliye Dar es Salaam anaweza kwenda CCBRT au Muhimbili, aliye Moshi KCMC. Uombe upimwe vyote: namba ya kila jicho peke yake, presha ya macho, na ndani ya jicho waangalie mshipa wa fahamu na retina, ile sehemu ya nyuma inayopokea picha. Presha ya macho, glakoma, kwa aina yake iliyo ya kawaida haiumi wala haitoi dalili mapema. Inakula pembeni mwa uwezo wa kuona polepole, na kilicholiwa hakirudi. Sisi watu wenye asili ya Afrika tuna hatari kubwa zaidi, na kama baba, mama au ndugu wa tumbo moja amewahi kuwa nayo, nenda wiki hii.

Kuna vipimo viwili vya mezani unavyoweza kufanya leo. Haviwi badala ya hospitali, ila vinakuonyesha haraka gani uende nayo. Cha kwanza: chukua kipande cha kadi ngumu, kitoboe kwa sindano tundu la kama milimita 1. Vua miwani, funika jicho moja, na kwa jicho jingine soma maandishi madogo kupitia lile tundu, kwenye mwanga mkali. Maandishi yakisafika, tatizo kubwa ni la namba, miwani inaweza kulitibu. Yakibaki na ukungu uleule, kuna kitu kingine, huenda mtoto wa jicho, huenda retina. Cha pili: karatasi ya daftari la hesabu, lile la miraba. Weka nukta katikati, vaa miwani yako ya kusomea, funika jicho moja, kodolea nukta. Mistari yote inatakiwa inyooke na isiwe na sehemu iliyopotea. Rudia kwa jicho la pili. Watu wengi wana jicho moja linalofanya kazi ya mawili bila wao kujua, na hapa ndipo wanapogundua.

Mistari ikipinda, usisubiri mwisho wa mwezi. Vilevile ukiona vimulimuli vya ghafla pembeni, mvua ya vidoa vyeusi, au pazia linashuka upande mmoja, hiyo ni siku hiyohiyo, funga duka uende. Na kama miwani inakufaa Jumatatu halafu Ijumaa haikufai, pima sukari. Kisukari kinachopanda na kushuka kinabadilisha lenzi ya jicho, na mafundi wawili ninaowafahamu waligundua ugonjwa wao hivyo, mezani, kabla ya dalili nyingine yoyote.

Jambo moja zaidi kuhusu dawa. Usitie macho matone ya dukani kwa sababu tu yanaondoa wekundu. Mengine yana steroidi, na steroidi zikitumika muda mrefu bila daktari zinapandisha presha ya macho na kuleta mtoto wa jicho. Utomvu wa majani usiuguse kabisa.

Ukienda kupimwa, usiende mikono mitupu. Chukua futi ya fundi cherehani. Kaa mezani kwako kama unavyokaa kwa kawaida, mgongo umenyooka, mwambie kijana wako apime kutoka kwenye jicho lako mpaka kwenye bodi. Andika. Kisha apime mpaka kwenye mita, na mpaka kwenye skrini kama unaitumia. Nenda na namba hizo pamoja na bodi moja iliyokufa. Mpima macho huwa anapima umbali wa kusoma kitabu, karibu sentimita 40, kwa sababu wateja wake wengi ni wasomaji. Akijua kwamba wewe kazi yako ipo sentimita 33, atakupa lenzi nyingine. Hesabu yake ni nyepesi: 100 gawanya kwa namba ya lenzi unapata sentimita. +2.00 ni sentimita 50, +2.50 ni 40, +3.00 ni 33. Kwa umri wako bado jicho lina nguvu kidogo ya kujikaza, kwa hiyo usishangae akikupa ndogo kuliko hesabu inavyosema. Omba miwani ya kazi, lenzi nzima ya namba moja, yenye kioo cha plastiki ngumu kisichovunjika kirahisi. Ile ya kipande chini na kipande juu inafaa barabarani. Mezani inakulazimisha kuinua kidevu kutwa nzima ili utazame kwa kipande cha chini.

Ya machinga si sumu. Inafaa mtu ambaye macho yake yote mawili ni sawa na hayana mkunjo, yaani uso wa jicho haujapinda upande mmoja kuliko mwingine. Lakini lenzi zake mbili ni namba moja, na ikiwa jicho la kulia linataka +1.75 na la kushoto +2.50, utakuwa unalehemu kwa jicho moja, na anayelehemu kwa jicho moja hapati kina. Hajui kama ncha imegusa pedi au ipo nusu milimita juu yake. Nadhani hiyo pedi ya mteja uliyoing'oa iliondoka kwa sababu hiyo zaidi ya uzee wenyewe.

Miwani ikishakuwa sahihi, tazama taa. Hili watu wanalipuuza, nami nalipigia kelele kwa kila fundi anayeingia dukani kwangu. Jicho la mtu wa miaka 60 linapitisha kama theluthi moja tu ya mwanga unaofika kwenye retina ya kijana wa miaka 20. Tundu la jicho limekuwa dogo, lenzi imeingia rangi ya njano. Taa iliyomtosha kijana wako inakuacha wewe gizani, ingawa mmekaa meza moja. Na mwanga una faida ya pili: ukiwa mwingi, tundu la jicho linabana, na jicho lenye tundu dogo linaona wazi kwenye nafasi pana zaidi ya umbali, sawasawa na ile kadi uliyoitoboa. Yaani taa nzuri inakupunguzia namba.

Weka taa mbili za LED zenye mikono ya kukunja, moja kushoto na moja kulia, ziwe chini ya usawa wa macho ili zisikupige usoni. Nunua na moja ya kuchaji, maana umeme ukikatika katikati ya kazi ndipo makosa yanapotokea. Taa moja iwe unaisogeza. Lehemu ni kama kioo, inasomeka kwa jinsi inavyong'aa: ukipitisha mwanga wa chini chini, kiungo kizuri cha lehemu ya risasi kinaonyesha mteremko laini unaong'aa kutoka kwenye mguu mpaka kwenye pedi, na kiungo kilichopasuka kinaonyesha duara jembamba jeusi kuzunguka mguu. Ukiimulika kutoka juu moja kwa moja, duara lile hulioni hata uwe na miaka 20. Lehemu isiyo na risasi yenyewe ni ya kijivu hata ikiwa nzima, usiihukumu kwa mng'ao.

Sasa tuje kwenye ukuzaji. Nilisema ujana ulikuwa unakukuzia mara nne. Basi unachotafuta ni kurudishiwa mara tatu au nne kwa kulehemu, na zaidi ya hapo kwa kukagua. Taa yenye lenzi kubwa ya mviringo, ile ya mkono mrefu, kwa kawaida ni ya diopta (ile namba ya lenzi) 3 au 5, inakuza karibu mara 1.75 au 2.25. Kwa bodi za redio, televisheni na inveta inatosha kabisa na ni raha, kwa sababu unatazama kwa macho mawili. Kwa simu haitoshi.

Lenzi ya kuvaa kichwani ni hatua ya pili. Unaivaa juu ya miwani, unaishusha unapohitaji. Kuna jambo wauzaji hawalisemi: kadiri inavyokuza ndivyo inavyokusogeza. Zile za vioo vizuri zinazokuza mara 2.5 zinataka kazi iwe kama sentimita 20 kutoka usoni. Za mara 3.5 zinataka sentimita 10, na hapo chuma cha moto kiko puani. Usinunue iliyoandikwa mara 10 au 20 ukadhani umepata. Kwa kulehemu na lenzi hii ya kichwani usivuke mara 2.5, na uweke feni ndogo pembeni inayovuta moshi kutoka kwako, isiyopuliza kwenye bodi. Lenzi ya fundi saa, ile ya kubana kwenye jicho, ninaiheshimu sana kwa ukaguzi, ila ni ya jicho moja, haina kina.

Hadubini ndiyo jibu la kazi yako, na ukiniuliza pesa iende wapi, iende huko baada ya kupimwa. Chukua ya macho mawili, inayotoa picha yenye kina, si ile ndogo ya kuchomeka kwenye kompyuta. Ile ya kuchomeka inakuonyesha picha bapa, tena inachelewa kidogo: unasogeza mkono, skrini inafuata baadaye, na mkono unavuka pedi kabla jicho halijajua. Kwa kukagua ni nzuri, kwa kulehemu inakera. Hadubini zinazouzwa kwa mafundi wengi zinakuza kuanzia mara 7 hadi 45. Hakikisha inakuja na lenzi ya nyongeza ya 0.5 inayofungwa chini. Hiyo inapunguza ukuzaji uwe mara 3.5 hadi 22.5, lakini inaongeza nafasi kati ya lenzi na bodi kutoka kama sentimita 10 mpaka karibu 16 au zaidi, na nafasi hiyo ndiyo chuma, kibano na blowa ya hewa ya moto vinapoingia. Bila lenzi hiyo utaunguza kioo ndani ya wiki. Mimi bado nakumbuka mara ya kwanza nilipotazama: safu ya 0201 imekaa kama matofali yaliyopangwa, na mpira mmoja wa lehemu umekwama katikati ya miguu miwili ya IC (chipu) kwenye bodi niliyoitupa kapuni nikidhani imekufa. Niliutoa kwa sindano, simu ikawaka.

Kuirekebisha kwa macho yako, fuata mpangilio huu. Kwanza sogeza vile vikombe viwili vya kutazamia mpaka uone duara moja tu badala ya mawili. Weka pete za namba kwenye sifuri. Panda ukuzaji wa juu kabisa, zungusha kirungu cha pembeni mpaka maandishi ya IC yakae safi. Shuka ukuzaji wa chini kabisa bila kugusa kirungu, funga jicho moja, zungusha pete ya jicho lililo wazi mpaka lisafike, kisha la pili. Panda tena uhakikishe. Ukiipata hivyo, picha inabaki safi kutoka chini hadi juu, na macho hayaumi. Wengi wanaolalamika kwamba hadubini inawapa kizunguzungu hawajawahi kugusa pete zile. Kama shida yako ni ya kuona karibu au mbali tu, unaweza kuvua miwani ukitazama, hadubini inaifidia. Kama daktari amesema jicho lina mkunjo, vaa, maana hakuna kirungu kinachorekebisha mkunjo.

Siku za kwanza utaona mkono unatetemeka kama jani, usiogope. Unatetemeka vilevile ulivyokuwa unatetemeka jana, leo ndiyo unauona. Ubongo ukishaona mtetemo unaanza kuurekebisha, na mkono wa binadamu ukipewa picha kubwa unaweza kufanya kazi ndogo kuliko mwenyewe anavyoamini. Madaktari wanaoshona mishipa ya damu chini ya hadubini wanategemea jambo hilohilo. Laza kiganja kizima mezani, viwiko navyo viegemee, kishikie chuma karibu na mbele, toa pumzi taratibu wakati ncha inagusa. Fanya mazoezi kwenye bodi iliyokufa: toa kapasita kumi, zirudishe kumi, kila asubuhi kabla ya mteja wa kwanza. Mimi ilinichukua siku 12 mpaka mkono ukatulia. Lehemu kwenye ukuzaji mdogo, panda juu kwa kukagua tu.

Mengine ni ya namna ya kufanya kazi, na hapa uzee ni faida kwako. Fluksi nyingi, ya jeli, kila mara. Waya wa lehemu wa 63/37 wenye unene wa nusu milimita au chini: unayeyuka kwenye nyuzi 183 na kuganda palepale, haupiti hali ya uji, kwa hiyo mkono ukicheza kidogo kiungo hakiharibiki. Acha ncha ya sindano. Inaonekana kama ndiyo ya kazi ndogo, lakini joto halifiki, unakandamiza, na pedi inang'oka. Tumia ya patasi au ya kisu. Kwa vidogo kabisa, paka lehemu ya uji kwenye pedi, weka kapasita kwa kibano, pasha kwa blowa ya upepo mdogo. Lehemu ikiyeyuka inakivuta kifaa chenyewe kikae katikati ya pedi zake. Ukikosea kidogo, inakurekebishia. Nilipolielewa hilo niliacha kugombana na kapasita.

Masikio nayo yakusaidie. Ukimaliza IC, pitisha mita kwenye mlio kati ya kila mguu na jirani yake, na kati ya kila mguu na ardhi, ukilinganisha na mchoro au bodi nzima. Mlio hautegemei macho. Rangi za rizista usizisome tena kwa jicho: lenzi yenye unjano inachanganya buluu na kijani, zambarau na kijivu, na hutajua kwamba umekosea. Pima. Maandishi ya IC yaliyofifia, sugua chaki nyeupe juu yake, futa kwa kidole, chaki inabaki kwenye herufi. Au ilowanishe kwa spiriti, imulike kwa ubavu, piga picha kwa simu na uikuze. Piga picha ya bodi kabla hujagusa kitu, kila bodi.

Kila baada ya dakika 20 inua kichwa utazame mbali, ng'ambo ya barabara, uhesabu mpaka ishirini, na upepese macho. Anayetazama kwa makini husahau kupepesa, macho yakakauka, na ukavu wenyewe unaleta ukungu unaoudhania ni uzee. Usijifute jasho la macho kwa mkono ulioshika lehemu, una risasi na fluksi. Kazi za simu ziweke asubuhi, adapta na redio mchana.

Kuhusu vijana wako. Waambie leo, kwa maneno ya wazi, kwamba macho ya karibu yamepungua na unakwenda kupimwa. Watakuwa wanalijua tayari. Wakati unasubiri miwani, kaa nao ubavuni: wao wanaweka, wewe unapima, unasema hitilafu iko wapi. Miaka 22 ya kujua kwa nini laini ya chaji imeshuka volti haimo kwenye lenzi ya jicho. Na vifaa vya 01005, milimita 0.4 kwa 0.2, waachie wao mpaka hadubini ifike. Mimi mwenyewe navifanya, lakini asubuhi tu.

Pedi ya mteja iliyong'oka usiitupie bodi kapuni. Kwangua rangi ya kijani taratibu juu ya njia inayokwenda kwenye pedi hiyo mpaka shaba ionekane, kama nusu milimita, ipake fluksi na lehemu nyembamba. Chukua uzi mmoja wa waya wa shaba uliopakwa vanishi, wa unene wa kama milimita 0.1 kama unaoutoa kwenye koili ndogo ya spika iliyokufa, choma ncha zake kwa lehemu mpaka vanishi iondoke, uulaze kutoka kwenye shaba mpaka kwenye mguu wa kifaa, kisha ufunike kwa gundi inayoganda kwa taa ya mwanga wa urujuani (UV). Mfanyie mwenye simu bure, umweleze ilikuwaje. Usiifanye kesho, ifanye ukishapata miwani na taa mbili.

Ukishapimwa niandikie tena, unitajie namba ya kila jicho na sentimita ulizopima mezani. Nitakuambia lenzi ipi ya hadubini itakufaa kwa urefu wa meza yako.